Vinena Vimeisha

Kila anayenikuta sokoni hapa Nyakisasa huanza na salamu na kuishia kuukodolea macho mkono wangu wa kushoto. Walimu wenzangu ni wastaarabu zaidi, wao husubiri chai ifike kwanza. Nimeisimulia habari hii vipandevipande kwa watu wengi mno, na kila mmoja ameondoka na kipande chake akakirefusha, hata juzi nikaambiwa kwamba nimepandikizwa kidole cha marehemu. Basi marafiki, nimekaa chini niiandike safari nzima, kwenda na kurudi, na kwenda tena na kurudi tena. Habari za bima, rufaa na mihuri nimeziruka. Mnazijua, na aliyebahatika kuzisahau sitaki kumkumbusha.

Jambo moja tu mlishike kabla hatujaondoka. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ndimi ninayemsahihisha kila mtu kijijini, anayesema "kupiga kula" na anayesema "kura chakula". Nimewahi kusahihisha tangazo la msiba likiwa bado linasomwa na wafiwa wamesimama. Watu walinivumilia, nami nikadhani wananiheshimu.

Nyakisasa hadi Ngara mjini

Siku ya mahafali kulikuwa na mechi ya walimu na wazazi, nami nikajitolea kufunga nyavu golini. Nilipanda juu ya dawati, nikafunga vizuri, nikaruka chini. Mimi nilifika chini. Pete yangu ya ndoa ilibaki juu kwanza, imenasa kwenye msumari wa mwamba wa goli, kisha ikafuata pamoja na ngozi ya kidole. Ngozi ilivuka kama soksi. Mfupa ulikuwa mzima na kidole kilikunja na kukunjuka nilipokiambia, ila kilikuwa uchi kabisa, na kitu kidogo namna ile kikiwa uchi kinatisha kuliko mnavyofikiri.

Gari lililopatikana lilikuwa mchomoko, vile vigari vidogo vilivyoundwa kwa abiria wachache na vinavyopakia kijiji. Ndani yake nilitibiwa na kila mtu. Mama aliyekuwa na kuku mapajani alishauri majivu. Mzee wa kiti cha mbele alishauri mkojo, na akaeleza uwe wa nani. Dereva alisema wa kwao mmoja aliumia hivyohivyo, na alipoulizwa alipona vipi akaongeza sauti ya redio.

Hospitalini Ngara mjini nilimkuta tabibu kijana, mpole, aliyekiosha kidole, akakitazama kama mkulima anavyoutazama mbuni uliokauka.

"Mwalimu, hiki tukitoe," alisema. "Ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, hakina kazi kubwa. Baada ya muda mfupi unarudi darasani."

Nilikuwa tayari kukubali. Nikampigia simu Godeliva, mke wangu, kumwarifu tu. Hapa inabidi mumjue. Godeliva alizaliwa kambini Lukole, baada ya wazazi wake kukimbia Burundi. Kambi ilipofungwa, baba yake, Mzee Gerevazi, alibaki upande ule akalima maharage na migomba, na hajahama hadi leo. Nilipokwenda kuposa, mzee alinitazama kwa muda akasema ameona watu wengi wakitupa vitu njiani, na hataki kumpa binti yake mtu wa kutupa vitu. Ilimchukua zaidi ya mwaka kukubali. Tangu hapo huniita Mwalimu, au tuseme Mwarimu, na alikuwa hajawahi kuniita mkwe.

"Kidole hicho nilikivisha pete mimi," Godeliva alisema kwenye simu. "Baba alikuwa amekaa mbele pale kanisani. Nitamwambia kimekwenda wapi?"

"Mwambie kimebaki golini."

"Usinichekeshe, Mwalimu. Naomba urudi nacho."

Alikuwa analia. Godeliva halii ovyo, hata alipojifungua alikuwa akinipa maagizo ya nyumbani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa msumari. Nikamrudia tabibu nikamwambia kidole hiki kina mwenyewe, na mwenyewe hataki kikatwe.

Tabibu hakukasirika. Alisema Biharamulo kuna kambi ya madaktari bingwa wiki hiyo, na mmoja wao anashughulika na mikono. Akakifunga kidole kwa kitambaa chenye maji ya chumvi, akaniambia niende asubuhi, maana kidole kisicho na ngozi hakina subira.

Ngara mjini hadi Biharamulo

Subira hiyo dereva wa basi alikuwa nayo kwa niaba yetu sote. Tulisimama Benako kusubiri abiria waliokuwa wakinywa chai, na walipomaliza, dereva akaenda kunywa yake. Nyakahura tulipata pancha. Spea ilikuwepo, ila nayo ilikuwa na pancha, na utingo alilieleza jambo hili kama habari njema, kwamba angalau tumelijua mapema.

Nilikaa kando ya barabara nimeinua mkono juu, kama nilivyoelekezwa, ili usivimbe. Malori ya Kigali na Bujumbura yalipita yakinipigia honi, yakidhani naomba lifti. Moja lilisimama. Dereva, Mrundi mnene mwenye kofia ya sufu, aliteremka akautazama mkono.

"Vita?" aliuliza.

"Mpira," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa huzuni, akanipa nusu ya nanasi lake, akaondoka.

Lusahunga tulikula mbuzi wa kuchoma, na hapo nikagundua kwamba mtu wa mkono mmoja hawezi kurarua nyama. Muuza nyama alinikatia vipande vidogo bila kuombwa, akauliza nina watoto wangapi, kisha akanikatia vingine vidogo zaidi. Tulifika Biharamulo jua likiwa limeshashuka, na kidole kikipiga kama ngoma.

Biharamulo

Bingwa wa mikono alikuwa mwanamke, Daktari Zuhura, mtu wa familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani tangu enzi za babu zake. Kiswahili alikinyonya kwa mama. Alikizungumza bila kufikiri, na mimi ambaye nilikipata darasani kwa fimbo nilijikuta nimekaa wima, nikitaka ajue kwamba yuko na mwenzake.

"Mwalimu, sikiliza," alisema akikigeuza kidole taratibu. "Mfupa mzima, kano ziko salama, kilichopotea ni ngozi na nyama yake. Nikibandika kipande cha ngozi tupu juu ya hii mishipa na mfupa, hakitashika, hakitapata damu. Nahitaji ngozi inayokuja na damu yake. Kwa hiyo kidole hiki nitakishonea kwenye kinena. Kitakaa pale kama wiki tatu, kikinyonya damu ya kinena, mpaka kiote mishipa yake. Halafu nitakitenganisha. Umeelewa?"

Nilielewa yote isipokuwa neno moja.

Sasa, mtu mwingine angeuliza. Mkulima yeyote wa Bugarama angesema, "Daktari, kinena ni nini?" na mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nimefundisha ngeli za nomino kwa miaka mingi, nikaona aibu kuuliza neno la ngeli ya KI-VI. Nikafanya uchambuzi kimoyomoyo. Nena, maana yake sema. Kinena, kitu kinachosema. Hivyo ni mashine, nikahitimisha, ya aina ya zile zinazolia kando ya kitanda cha mgonjwa, ila hii ina damu ndani.

"Nimeelewa," nikasema. "Na hicho kinena, kipo hapa hospitalini?"

Alicheka. "Kinena ni chako mwenyewe, Mwalimu."

Nikaelewa kwamba mgonjwa anajinunulia.

Nesi wa wodi, Adelina, mwanamke Msubi mwenye sauti ya upole, alikuja baadaye akaniuliza kama maelezo ya daktari nimeyapata sawasawa, au ayarudie. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Akaomba radhi.

Jioni hiyo nilitoka hadi duka la dawa lililo jirani. Binti aliyekuwa kaunta alikuwa anachati kwenye simu.

"Habari za kazi. Mna vinena?"

Alinitazama, akatazama rafu moja baada ya nyingine, akafungua droo, akafunga.

"Vinena vimeisha," alisema. "Mzigo wa Mwanza haujaingia."

Sijawahi kumlaumu binti yule. Alifanya nilichokifanya mimi, ila yeye alikifanya haraka.

Usiku sikulala kwa mawazo. Asubuhi Adelina alikuja na wembe akaninyoa mahali ambapo sikutarajia kunyolewa kwa ajili ya kidole. Nikadhani ni kanuni ya usafi, nikasifu moyoni jinsi hospitali zilivyoendelea. Nikapelekwa chumba cha upasuaji, nikalazwa, na kabla dawa ya usingizi haijanishika nikaona ni heri niseme ukweli.

"Daktari, kinena sijakipata."

Chumba kizima kilicheka. "Usijali, tutakitafuta pamoja," alisema Daktari Zuhura, na macho yake juu ya barakoa yalionyesha kwamba anampenda mgonjwa mwenye utani.

Nilipozinduka, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta mashine. Hapakuwa na mashine. Hapakuwa na mkono wa kushoto pia. Niliutafuta kwa mkono wa kulia, nikaufuata kuanzia begani, kiwiko, kifundo, nikaufikia ulipoishia. Ulikuwa umeshonewa pale paja linapokutana na tumbo, kando kidogo ya mambo mengine, na kufungwa bandeji pande zote usichomoke. Kipande cha ngozi kilikuwa kimeinuliwa pale, bado kimeshikana na mwili kwa upande mmoja, na kidole changu kimevishwa ndani yake.

"Adelina," niliita polepole. "Hapa panaitwaje?"

"Pale? Kinena, Mwalimu." Aliinyoosha shuka. "Si ulisema unajua?"

"Nilitaka kuhakikisha matamshi," nikasema.

Biharamulo hadi Lukole

Siku ya kuruhusiwa Daktari Zuhura alinipa onyo moja, akalirudia mara mbili. Nisiuvute mkono. Kwa sababu yoyote ile, hata nikianguka, nisiuvute. Nikiuvuta, ngozi inachanika, kidole kinakufa, na hapatakuwa na la kufanya tena ila kukikata. Mabingwa wangerudi Biharamulo baada ya wiki tatu kukitenganisha.

Adelina alishauri nivae kanga. Nikasema mwalimu havai kanga kwenye basi. Akaniitia fundi cherehani wa karibu, naye akaufumua mfuko wa kushoto wa suruali hadi ndani, mkono ukapita humo. Ukinitazama kwa mbele nilikuwa mtu mwenye majivuno, anayetembea na mkono mfukoni. Ukinitazama kwa ubavuni ilikuwa habari nyingine.

Kwenye basi nilikaa na Mama Asteria, mwanamke wa makamo aliyekuwa na madumu ya asali miguuni. Tulizungumza vizuri hadi kidonda kilipoanza kuwasha. Sitaeleza zaidi. Mama Asteria alitazama mfuko wangu, akatazama nje, akatazama tena.

"Baba, heshima," alisema.

"Mama, samahani. Kidole kimeshonewa humo."

"Humo wapi?"

"Humo."

Alifikiri. "Kwa ruhusa yako?"

Nikasema ndiyo, kwa namna fulani.

Kumbe nilikuwa nimejipatia wakili. Mbele ya safari tulisimamishwa kwenye kizuizi, afisa akaingia kukagua vitambulisho, akafika kwangu akaniambia nitoe mkono mfukoni. Nikasema hautoki. Akasema tena, safari hii taratibu, kama anavyosema mtu anayeanza kukasirika. Mama Asteria akasimama akiwa amekumbatia dumu.

"Afande, huyu amesonwa," alitangaza kwa basi zima. "Mkono wake na mwiri wake ni kitu kimoja. Ukimwambia atoe, utamtoa na utumbo."

Afisa alirudi nyuma hatua kadhaa akaturuhusu kupita. Nilitaka kumwambia Mama Asteria kwamba si "amesonwa" bali "ameshonwa". Nilifungua kinywa kabisa. Nikakifunga.

Basi liliharibika karibu na njia ya kwenda Lukole, na utingo akasema fundi atatoka Ngara kesho, Mungu akipenda. Kila abiria alikuwa na ndugu wa kumwendea. Wa kwangu alikuwa Mzee Gerevazi.

Lukole, kwa baba mkwe

Kwa ambao hamjaoa upande ule, nieleze. Mkubwa hasalimiwi kwa mkono mmoja. Unainama, unatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unaushika wa kulia kwenye kigasha, chini ya kiwiko, kuonyesha kwamba umekuja mzima mzima na hukuficha kitu. Anayetoa mkono mmoja na kuuacha mwingine ukining'inia ni mjinga. Anayetoa mkono mmoja na mwingine kauweka mfukoni ana ugomvi. Na mbele ya baba mkwe hata ukikohoa unakohoa kwa adabu, na sehemu za mwili zilizo chini ya kitovu ni kana kwamba Mungu hakukuumba nazo.

Mzee alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, na wazee wawili wa kanisani wakinywa rubisi, pombe ya ndizi. Niliinama kadiri mshono ulivyoniruhusu.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Alikuwa anautazama mkono wa kulia niliounyoosha, na pale kwenye kigasha ambapo mkono wa pili ulitakiwa uwe. Kisha akautazama mfuko. Wazee wawili nao wakautazama.

"Mwarimu," alisema. "Mkono mwingine?"

Hapo ndipo nilipopimwa. Kuuchomoa ni kukiua kidole alichokivisha pete binti yake. Kuuacha ni kumtukana yeye mbele ya wageni wake. Kumweleza ulipo, kwa Kirundi au kwa Kihangaza cha huku Ngara, ni jambo ambalo ulimi wa mkwe haujaumbwa kulifanya. Jasho lilinitoka. Na katika jasho lile nikaliona neno.

"Baba," nikasema, "kidole kiliumia. Daktari bingwa amekishonea kwenye kinena. Hakiruhusiwi kutoka mpaka kipone."

Mzee Gerevazi aligeuza macho polepole kwa wazee wenzake, akarudi kwangu. Nikaijua sura ile. Niliivaa mimi mwenyewe mbele ya Daktari Zuhura.

"Aa," alisema. "Kinena."

"Ndiyo, baba."

"Kinena," alimweleza mzee wa kulia kwake. "Ni mambo ya mabingwa. Marahaba, Mwarimu. Karibu ukae."

Wazee wale waliguna kwa kuridhika, mmoja akasema amewahi kusikia kinena kimoja kiko Mwanza. Nililetewa ndizi na maharage, mzee akamwita mjukuu wake anilishe, na jioni nzima akawa ananiuliza kwa heshima kama kinena kinanibana. Nilijibu kwamba siyo sana. Sijawahi kupendwa nyumbani kwake kama siku ile, na nitasema kweli, nilifurahi mno.

Tatizo la kupendwa ni kwamba kulinifuata hadi kanisani. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya matangazo ya ndoa na ya mbuzi aliyepotea, katekista akasimama na kipaza sauti, akasema Mzee Gerevazi anaomba waumini wote wainue mikono kukiombea kinena cha mwalimu, Bwana akiimarishe, akiongezee damu, kifanye kazi yake ipasavyo.

Kanisa zima liliinua mikono. Wachache waliokijua Kiswahili cha kutosha waliinamisha vichwa, na mabega yao yalikuwa yakitetemeka kwa namna isiyo ya kiroho. Mimi niliyewasahihisha wafiwa nilikaa kimya katikati ya benchi. Nikasema amina.

Lukole hadi Nyakisasa

Nilifika nyumbani Jumatatu. Godeliva alinipokea mlangoni, nikamweleza yote, likiwemo la duka la dawa, likiwemo la kanisa. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaifungua bandeji ya juu, akakiona kidole kilivyofunikwa, kimevimba lakini cha rangi nzuri, akaacha kucheka. Alinilisha na kuniogesha siku zile bila kuchoka, na akikutana na jirani alisema mume wake amelazwa kwenye mwili wake mwenyewe.

Amani hiyo ilivunjwa na Bi Mwanaidi. Ni mwenye duka pale Benako, mcha Mungu, na Kiswahili ni cha kwao tangu ukoo. Mzee Gerevazi alikwenda kununua chumvi, akamsimulia kwa fahari, mbele ya wateja, habari za kinena cha mkwe wa nyumba yake na jinsi kanisa lilivyokiombea. Bi Mwanaidi, kwa nia njema kabisa, alimwomba apunguze sauti. Kisha akamwita pembeni akamweleza.

Simu ilipigwa siku hiyohiyo. Godeliva aliisikiliza amesimama.

"Baba anasema umemtukana," aliniambia. "Anasema umetia tusi mdomoni mwake akalipeleka mwenyewe hadi madhabahuni, na wewe umekaa kwenye benchi unamcheka. Ameniita nyumbani."

"Si umweleze?"

"Nimweleze nini? Mimi ni binti yake. Wewe umeshindwa kulisema, mimi nitalisema?"

"Utarudi lini?"

Alifunga nguo zake kwenye kitenge kabla hajanijibu. "Sijui. Baba akiita, huendi na tarehe ya kurudi."

Watoto walikwenda kwa dada yangu. Nilibaki peke yangu nyumbani na mkono uliofungwa, nikichemsha viazi kwa mkono mmoja na kuvila na maganda. Nilitafakari jinsi nilivyokwenda mbali kukiokoa kidole cha ndoa, na sasa kidole kilikuwa kinaendelea vizuri sana.

Nyakisasa hadi Biharamulo, na kurudi Lukole

Safari ya pili kwenda Biharamulo haikuwa na mkasa, au ulikuwepo nikaupita bila kuuona. Basi lilisimama Nyakahura kama kawaida yake. Nilikuwa nawaza nitakachomwambia mzee.

Daktari Zuhura alikitenganisha kidole asubuhi moja, na baada ya kuzinduka niliutazama mkono wangu wa kushoto ukiwa juu ya shuka, peke yake, umekonda. Kidole kilikuwa kinene kuliko ndugu zake, chenye mshono ubavuni, cha rangi yangu lakini si ya mkono wangu. Alisema unene utapungua, ikibidi atauchonga baadaye, na kwamba kitakaa miezi mingi bila kuhisi kitu. Kisha akasema, bila kutabasamu, kwamba pengine kitaota vinywele, kwa sababu ngozi haisahau ilikotoka. Akauliza kama nina swali, nikauliza maswali mengi mno, kila neno, mpaka akaitazama saa yake.

Nilikaa wodini hadi nyuzi zilipotolewa na kidonda kikakauka. Halafu nikapanda basi, nikashuka njia ya Lukole.

Mzee Gerevazi alikuwa uani, peke yake safari hii. Nilimwona Godeliva mlangoni mwa jiko, hakutoka. Niliinama, nikanyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto ukaushika ule kwenye kigasha, kidole kipya kikiwa juu, kinaonekana.

"Shikamoo, baba."

"Ndicho hicho?"

"Ndicho, baba."

"Nyama yake imetoka wapi?"

"Baba, umeshaambiwa."

"Niliambiwa na mwanamke wa dukani. Nataka uniambie wewe. Na usiniletee neno la mabingwa, sema kwa maneno ninayoyajua."

Nilijua kwamba nikikosea hapa nitarudi Nyakisasa na kidole bila mke. Sikuwa na neno la kumpa, wala la Kirundi, wala la Kihangaza, wala la kitabuni.

"Baba," nikasema, "imetoka mahali ambapo mkwe hapataji mbele ya baba mkwe."

Alikaa akilifikiria. Alifikiria kwa muda mrefu hata mgongo ukaanza kuniuma.

"Ungesema hivyo siku ire ya kwanza, ningeerewa," alisema. "Kumbe si wewe mwarimu wa Kiswahiri?"

"Ndimi, baba."

"Mm."

Nilisema samahani. Nilisema kwamba neno lile hata mimi sikulijua, kwamba nilikwenda kulinunua dukani, kwamba nilikubali kushonwa kwa sababu binti yake aliniomba nirudi na kidole na sikuwa na namna nyingine ya kurudi nacho. Aliposikia la dukani, midomo yake ilicheza kidogo, akaikaza. Kisha akanyoosha mkono. Hakuushika mkono wangu wa kulia. Aliuchukua ule wa kushoto, jambo ambalo watu wake hawalifanyi, akakishika kile kidole kinene kwa vidole vyake vyote, akakiminya kama anayepima parachichi sokoni.

"Kina joto," alisema.

"Ndiyo, baba. Kiko hai."

Alikishika muda mrefu. Kisha akageukia jikoni akaita, "Godeliva, leta chakula. Mkwe wangu ametoka mbali."

Chakula kilikuja, na maji ya kunawa. Kwa desturi hunawishwa mgeni kwanza. Siku ile mzee alitangulia yeye. Alinawa kwa sabuni, akasuuza, akatazama viganja, akaomba sabuni tena. Sikumlaumu.

Halafu Godeliva akaja kwangu na birika na beseni. Anayenawisha humimina maji tu, hagusi, hasa baba yake akiwapo. Alimimina mara moja, akaliweka birika chini, akapiga magoti, akauchukua mkono wangu wa kushoto. Alikipaka sabuni kidole kile, akakiosha polepole, mbele na nyuma na kwenye mshono, kwa mikono yake miwili. Sikuhisi maji wala sabuni, kama daktari alivyosema. Niliona tu vidole vyake vikikizunguka, na machozi yangu yakidondokea kwenye beseni. Mzee Gerevazi akageuza kiti chake, akaanza kuitazama migomba.